Kutu Haitoki kwa Kuombewa



Leo sina mahubiri. Nataka nikueleze habari ya kutu, maana tangu watu waone ndoo na vyuma nyuma ya kanisa letu hapa Thika, wengine wameniuliza kama pasta ameacha injili na kufungua gereji. La hasha. Injili iko palepale. Lakini Jumapili moja mwezi wa Juni, kijana wetu mmoja, fundi wa jua kali kule Makongeni, alikuja ibadani mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka karibu na kiwiko. Nilipomuuliza akaniambia, "Pasta, ni asidi ya betri. Nilikuwa natoa kutu."

Kutu yenyewe ilikuwa kwenye dramu za breki za Peugeot 504, pikapu ya mama mmoja mjane wa kanisa letu. Gari lile lilikuwa limekaa chini ya mti wa avokado tangu mumewe alipolala, miaka tisa. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshafika mara mbili na mzani wake. Mama ana binti anayesubiri kwenda chuo, na kila asubuhi anakodi pikipiki kupeleka ndizi sokoni, na faida yote inaishia kwa mwenye pikipiki. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi kuisema na ngumu kuiamua: Pijo iuzwe kwa kilo, au irudi barabarani?

Wewe uliyezaliwa juzi huenda hujui Pijo ilikuwa nini katika nchi hii. Ziliunganishwa Mombasa, zikabeba watu na mizigo kila pembe ya Kenya, na mwaka wa 1975 na tena 1978 Peugeot 504 ndiyo iliyoshinda Safari Rally. Mzee aliyeinunua pikapu kama ile aliinunua kama mtu anunuavyo shamba. Kuipeleka kwenye mzani si jambo dogo kwa familia.

Mimi kabla ya chuo cha Biblia nilikuwa spana boi. Nimeosha bolti nyingi kuliko mikate ya meza ya Bwana niliyomega. Kwa hiyo nilimwambia yule kijana, "Weka asidi chini. Jumamosi lete hizo dramu kanisani, na usilete kingine chochote isipokuwa glavu."

Kwanza uelewe adui. Chuma kikikutana na maji na hewa hakibaki chuma. Kinashikana na oksijeni na kugeuka unga mwekundu. Tazama udongo wa Gatundu na Gatanga, ule unaoshika viatu ukija ibadani siku ya mvua: wekundu wake unatokana na jambo hilohilo, chuma kilichoshikana na oksijeni. Chuma ni kama kinatamani kurudi mavumbini kilikotoka. Mahali penye chumvi mwendo unaongezeka, ndiyo maana gari lililozeekea Mombasa huoza chini haraka kuliko lililozeekea huku kwetu. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo sababu nati iliyoingia kwa vidole viwili leo haitoki hata ukiipandia spana kwa miguu.

Bwana Yesu alipotaja kutu aliitaja pamoja na nondo. (Mtoto mmoja wa Sunday School aliwahi kunieleza kwa uhakika kabisa kwamba nondo ni zile za kujengea nyumba, ndiyo maana zinapata kutu. Sikuwa na haraka ya kumsahihisha.) Lakini kifungu ninachokipenda fundi akikisoma ni Ezekieli 24. Pale kuna sufuria yenye kutu. Inawekwa juu ya makaa ikiwa tupu, inachochewa moto mpaka shaba yake iive, na bado kutu inakataa kutoka. Ezekieli alikuwa anasema na Yerusalemu, si na mafundi. Lakini aliyeshika chuma kibovu anajua kwamba nguvu na moto peke yake havitoshi.

Na yule kijana alikuwa anatafuta nguvu. Asidi ya betri ni asidi ya salfa, kali, kama theluthi moja ya ile chupa ni asidi tupu. Inatoa kutu, ndiyo. Inatoa na chuma kizuri, inatoa na ngozi, na ikirukia jicho inatoa na jicho. Yeye alikuwa amemimina maji juu ya asidi ili kuipunguza makali, na hapo ndipo ilipochemka ghafla ikamrukia. Ikikupata, kimbia kwenye mfereji, vua nguo iliyolowa, acha maji yatiririke juu ya mahali hapo dakika 20 nzima, kisha nenda hospitali. Usipake siagi, usipake dawa ya meno, usipake mafuta ya upako. Nimesema.

Lingine nalisema kwa herufi kubwa moyoni ingawa naliandika kwa ndogo: usichanganye siki na Jik. Kuna wanaofikiri kwamba vitu viwili vya kusafisha vikikutana vitasafisha mara mbili. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini. Hiyo ndiyo gesi ambayo Wajerumani waliwaachilia wenzao kule Ypres, Aprili 1915, katika vita vya kwanza vya dunia, na watu wakafa wakikosa pumzi ndani ya mahandaki. Usiilete kwenye bafu la plot ya Kiandutu. Na Jik peke yake haitoi kutu hata kidogo, inaiongeza.

Sasa tuje kwa vitu vya jikoni.

Siki nyeupe ya dukani ina asidi kama asilimia 5. Ni dhaifu, na udhaifu huo ndio uzuri wake. Kwa bolti, nati, bawaba, spana za urithi na vitu vidogo, osha grisi kwanza kwa sabuni, maana siki haipiti kwenye grisi, kisha loweka usiku mmoja. Asubuhi sugua kwa waya wa kusugulia sufuria. Ukiona bado, rudisha. Lakini usiweke ukasafiri kwenda kuzika ushago siku nne, utakuta siki imemaliza kutu na kuanza kula nyuzi za bolti. Ukishatoa chuma, kisuuze kwenye maji yenye magadi ili kuua asidi iliyobaki. Limau linafanya kazi hiyohiyo, ila kwa dramu mbili za Pijo utahitaji shamba zima. Na soda ya Coca-Cola, ambayo kila mtu ananiuliza: ndiyo, ina asidi kidogo ya fosfori na inalegeza kutu nyepesi. Lakini mimi sioni sababu ya kununua kreti nzima ya kulowekea chuma wakati watoto wanaitazama.

Kwa vitu vikubwa, mpendwa, tumia molasi.

Hii ndiyo iliyowafanya vijana wacheke. Molasi ile unayomnyunyizia ng'ombe kwenye nyasi kavu, masalio meusi ya viwanda vya sukari. Inauzwa kwenye duka lolote la vyakula vya mifugo hapa mjini. Lita moja ya molasi kwa lita tisa za maji, koroga, tumbukiza chuma kifunikwe chote, kisha ondoka. Ndani ya molasi kuna vitu vinavyoishika kutu na kuivuta taratibu ndani ya maji, na chuma kizima havikigusi sana. Hakuna moto, hakuna mvuke wa kuchoma mapafu, mtoto akitumbukiza mkono atapata tu mkono unaonata. Bei yake ni kuchelewa. Wiki moja ikiwa jua lipo. Sisi tuliweka mwanzo wa Julai, na unajua Julai ya Thika, baridi na wingu mpaka saa saba mchana, kwa hiyo tulisubiri wiki tatu kasoro siku mbili.

Itanuka. Itatoa povu kwa sababu inachacha kama muratina. Funika kwa neti, nzi wasiingie, lakini usifunge kwa kifuniko cha kubana, kwa maana gesi itakitupa kifuniko hicho mpaka kwenye mabati. Mzee mmoja wa kanisa alipita Jumatano ya maombi, akanusa, akaniangalia kwa muda mrefu sana. Nikamfunulia ndoo aone dramu.

Usitie humo kitu cha aluminiamu. Kabureta, pistoni, kifuniko cha gia, vyote kaa navyo mbali, vitaliwa. Na springi, pamoja na bolti zile ngumu zinazobeba uzito, usizilaze kwenye siki wala asidi nyingine. Chuma kigumu namna hiyo kikilala ndani ya asidi hunyonya haidrojeni na baadaye hukatika kama kijiti, bila kukupigia simu. Hizo zisugue kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, basi.

Kuna njia ya tatu ambayo fundi wa umeme ataipenda. Chukua ndoo ya plastiki, maji, na magadi ileile ya kulainishia githeri, kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita nne. Magadi inatoka kwetu Kenya, Ziwa Magadi kule Kajiado. Chukua chaja ya betri ya gari, ile ya zamani isiyo na akili nyingi. Waya wa hasi unashika chuma chenye kutu, waya wa chanya unashika kipande cha chuma kikuukuu ambacho hukihitaji. Vyuma viwili visigusane. Washa. Utaona mapovu, na kutu inaanza kudondoka kama magamba. Kwa siku moja inafanya kazi ya molasi ya wiki moja. Lakini mapovu hayo yana haidrojeni, inayoshika moto kwa cheche moja, kwa hiyo fanyia nje, bila sigara, bila jiko karibu, na zima chaja kabla hujatia mkono. Usitumie kijiko wala sufuria ya stenlesi kwenye upande wa chanya, maji yatageuka sumu ya kromi. Aluminiamu na springi, hapa pia hapana.

Nasikia mtu akiuliza, na sehemu ambazo haziwezi kuingia kwenye ndoo? Chesisi ya Pijo utaiweka kwenye ndoo gani?

Hapo wazee wetu wana jibu na wengi hawajui. Ile miti ya muthanduku iliyojaa Murang'a na Kiambu, yenye asili ya Australia, ilipandwa kwa ajili ya magome. Hapa Thika palikuwa na kiwanda cha kukamua magome hayo, kwa kazi ya kulainisha ngozi. Kilichomo kwenye gome ni tanini, ndiyo iliyo pia kwenye chai ya rangi, na ndiyo inayokausha ulimi chai ikikaa sana. Tanini ikikutana na kutu huigeuza kuwa nyeusi na kuifanya itulie. Tulichemsha magome mpaka maji yakawa meusi kama kahawa, tukasugua chesisi kwa brashi ya waya mpaka magamba yote yakaanguka, tukapaka maji hayo kwa brashi mara tatu, kila mara tukiacha yakauke. Wekundu ukawa weusi mbele ya macho yetu. Juu yake tukapaka rangi. Vijana walishangaa kuliko siku ile ya mkesha.

Jambo ambalo wengi wanaharibu ni saa ya kwanza baada ya kusafisha. Chuma kikitoka kwenye ndoo kiko uchi. Kikikaa na unyevu, utakuta wekundu mwepesi umerudi kabla hujamaliza chai. Suuza, futa, kausha juani au kando ya jiko palepale, paka mafuta palepale. Dramu ya breki nayo, siku ya kufunga, ule uso wa ndani unaosuguliwa uoshwe kwa sabuni mafuta yote yatoke na ukaushwe, la sivyo utakanyaga breki na gari litaendelea na safari yake. Na kabla ya yote hayo, vumbi la breki za zamani usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, lilowanishe. Vitambaa vya breki vya enzi hizo mara nyingi vilikuwa na asbestosi, na asbestosi haitoki mapafuni.

Sasa nifike mahali palipoleta maneno.

Dramu zilitoka kwenye molasi zikiwa za kijivu, safi, unaweza kusoma maandishi yaliyochongwa kiwandani. Mama alilia kidogo. Tukazipeleka kwa mwenye lezi mjini, akazipima, akasema bado ziko ndani ya kipimo, akazichonga kidogo, sawa. Halafu tukatoa silinda za breki za magurudumu ya nyuma na mabomba ya breki. Nazo tukazisafisha. Na zilipong'aa ndipo tulipoona. Ndani ya silinda, mahali mpira unapoteleza, kulikuwa na vishimo. Vidogo, kama vya sindano. Bomba moja lilikuwa limeliwa upande wa chini mpaka ukilibonyeza kwa bisibisi linabonyea.

Kutu ilikuwa imetoka. Lakini chuma ilichokuwa imekula kilikuwa kimekwenda. Siki hairudishi chuma, molasi hairudishi chuma. Ukiondoa kutu unaona kilichobaki, na wakati mwingine kilichobaki hakitoshi. Mpira ukipita juu ya vishimo vile utachanika, mafuta ya breki yatavuja, na siku moja ukiteremka kuelekea daraja la Chania ukiwa na ndizi za tani moja mgongoni, pedali itafika sakafuni.

Shemeji wa mama, aliyekuwa amejitolea kuwa dereva, alikuwa amechoka kusubiri. Pesa zilikuwa zimekwisha kwa mwenye lezi na kwa matairi. Akasema, "Pasta, si zimesafika? Tufunge tu. Wewe utaliombea Jumapili." Maana ndiyo desturi yetu, gari haliendi barabarani mpaka limewekewa mikono. Nikamwambia sitaliombea. Akaniuliza mbele ya watu kama Mungu ninayemhubiri si yule anayerudisha miaka iliyoliwa na nzige.

Nikamwambia ni yeye huyohuyo, na silinda tutanunua Grogan.

Wengine walicheka, yeye hakucheka. Wiki ile nilisikia kwamba pasta hana imani, pasta anaweza kuombea mgonjwa lakini hawezi kuombea breki. Mama mwenyewe alikaa kimya siku tatu, na hizo ndizo zilizoniuma, kwa sababu mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amepita tena. Siku ya nne nilikwenda kwake na ile silinda mfukoni. Sikuhubiri. Nilimpa sindano ya kushonea, nikamwambia apitishe ncha yake taratibu ndani ya silinda. Ilikwama. Akapitisha tena, ikakwama. Akaiweka mezani na kusema, "Baba yao hangefunga hii." Kisha akaniuliza bei.

Kikundi cha akina mama kilimkopesha. Silinda mbili mpya na mabomba mapya ya breki yalitoka Nairobi na basi la jioni. Kijana wa Makongeni, mkono umepona, ingawa kovu analo mpaka leo, ndiye aliyezifunga na kutoa hewa kwenye mafuta ya breki huku shemeji akikanyaga pedali na kuhesabu. Tulilijaribu gari kwanza kwenye uwanja wa kanisa, mwendo wa punda, mara kumi na zaidi. Kisha likapelekwa kukaguliwa kama sheria inavyotaka. Ndipo Jumapili iliyofuata nikaliwekea mikono, na shemeji akawa wa kwanza kusema amina.

Tangu hapo watu wanakuja. Mwenye matatu mmoja kutoka Ruiru alileta mabomba ya breki ndani ya gunia, akaomba tuyatie kwenye molasi. Nilimrudishia gunia lake. Mwingine alileta bawaba za lango la babu yake, hizo tukazipokea kwa furaha, na sasa lango linafunguka bila kuamsha kijiji.

Maji ya molasi yaliyokwisha nguvu, kama hayana mafuta ya gari ndani yake, tunamwagia chini ya migomba mbali na mfereji. Yenye mafuta hayaendi mtoni. Chania ndiyo watu wanaokunywa huko chini.

Jumamosi hii kuanzia saa tatu asubuhi tuko nyuma ya kanisa. Njoo na glavu, njoo na miwani ya kukinga macho, na uwe umeosha grisi nyumbani. Molasi iko, magadi iko, magome yameshachemshwa. Kama una kitu cha breki au cha usukani, kilete tukiangalie pamoja kwanza kabla hakijaingia kwenye ndoo.